Hodi! Mna Kitu Kilichooza?

Mdudu mwenyewe, ukimwona mara ya kwanza, utadhani amevaa koti la mdogo wake. Mwili mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, halafu mgongoni ana vibawa vigumu vinavyoishia mbavuni, tumbo lote liko nje. Mimi nimeshona sare kiwandani mpaka nikastaafu, na makoti yaliyokosewa nimeyaona ya kila namna, lakini koti kama lile hata fundi aliyelewa asingethubutu kumkabidhi mteja. Ndiyo maana nikambatiza Koti Fupi. Wataalamu wana jina lao la Kilatini, refu kuliko mdudu mwenyewe, na mpwa wangu hulitamka bila hata kuvuta pumzi. Mimi nikilijaribu, meno ya bandia yanataka kutoka kwenda nje kupunga hewa.

Mpwa wangu huyo ni binti ya dada yangu, anasomea wadudu chuoni. Wenzake walichagua wadudu wenye majina yao mjini: nyuki, mbu, nzige. Yeye akachagua mbawakawa aliyejulikana duniani kwa maiti moja tu, imechomwa pini kwenye sanduku la makumbusho, na chini yake kikaratasi: "Kwenye uyoga, gogo bovu." Basi. Anakula nini, anazaa vipi, watoto wake wanafanana na nani, hakuna aliyejua.

"Watu hawapendi kuchunguza vitu vilivyooza, Mjomba," aliniambia. "Wanaziba pua, wanapita."

Alimtafuta msituni, akamtafuta mashambani, akarudi na matope hadi masikioni. Halafu siku moja kaja kutusalimia, kaenda uani kunawa mikono, mara tukasikia ukelele. Mke wangu alichomoka jikoni na mwiko akidhani ni nyoka. Tulimkuta binti kalala kifudifudi, kidevu kwenye mfereji wa maji ya bafuni, anacheka peke yake mbele ya gogo letu.

Gogo lile lilikuwa la mti uliokatwa zamani, likasukumiwa kwenye ukuta wa nyuma, likasahauliwa. Maji ya bafuni yalilinywesha kila siku hadi likalainika kama keki. Kuku mmoja aliwahi kulikanyaga akazama mpaka shingoni, tukamvuta kwa kamba ya kuanikia nguo. Na kuku yule hadi alipoingia chunguni alikuwa akiona mti anabadilisha njia. Juu ya gogo uyoga mgumu ulikuwa umeota kama rafu za duka, na upande wa chini wa rafu hizo Koti Fupi alikuwa amechimba vyumba. Chumba chenyewe hata punje ya mchele ingeingia kwa kuinama. Ndani, mayai. Mlangoni, mama mtu. Ukimsogezea unyasi anainua mkia juu kama nge na kukujia mzimamzima, yeye na koti lake.

"Analea!" mpwa wangu alisema, na machozi yanamlengalenga. "Mjomba, analea wanawe! Hakuna mtu aliyewahi kumwona!"

Tatizo lilikuwa chuoni. Profesa wake alikuwa ameshachoka na mdudu asiyeonekana, akamwekea sharti kwa maneno haya: Nionyeshe mama na watoto wake, wakiwa hai, pale pale wanapoishi, kabla sijasafiri. Nikiwaona, unaendelea naye. Nisipowaona, unahamia kwa fukusi wa mahindi. Picha hakutaka, alisema siku hizi kwenye picha hata tembo anavalishwa miwani. Na fukusi wa mahindi, kama hujui, wana wataalamu wengi kuliko mahindi yenyewe. Mpwa wangu akipelekwa huko atakuwa mtu wa nyuma kabisa kwenye foleni, anachungulia mdudu aliyekwisha kuchunguliwa na kila mtu.

Ikapangwa kwamba Profesa angepita kwetu Jumamosi, akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Siku chache kabla, mpwa wangu alichungulia kwa kioo chake cha kukuzia, akaniambia mimi kwamba mayai yameanguliwa na mabuu wamejaa chumbani wanakula ukuta wa nyumba yao. Kila kitu kilikuwa tayari. Ilibaki sisi kutulia tu.

Nami nikaenda kunyoa.

Kwa kinyozi nilisema neno moja tu, kwamba Profesa anakuja kumwona mdudu wetu. Lakini kichwa changu kina nywele chache, kinyozi anazifuata moja moja kama anayetafuta sindano, na wateja kwenye benchi walikuwa wamenitolea macho. Sikutaka wakae kinyonge. Nikasema mdudu huyo akiinua mkia paka anapiga saluti. Nikasema paka wa bucha alijaribu ubishi, sasa ni mla majani. Nikasema Profesa haji peke yake, anakuja na watu wa kamera, na kwamba mahali anapokanyaga Profesa mwenyewe hujengwa barabara. Nilipoinuka kwenye kiti, mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Jumamosi tunashukiwa na ugeni mzito.

Na kwetu ugeni mzito una dawa moja: usafi.

Jirani yetu wa ukuta mmoja tunamwita Mama Deki. Sakafu yake unaweza kujitazamia ukichana ndevu. Asubuhi anapiga deki, jioni anapiga deki, na ukimtembelea unaishia sebuleni, kwenye ncha ya kochi, miguu ukiwa umeining'iniza ili usichafue. Habari za ugeni zilipomfikia alifunga kanga kiunoni akaja kwa mke wangu. Walichozungumza sikukisikia. Jumamosi asubuhi mpwa wangu aliondoka kumfuata Profesa, nami nikatumwa kwa dobi kufuata suti yangu. Nilipomkuta dobi bado anapiga pasi mguu wa pili wa suruali, nikakaa kupiga soga.

Niliporudi, harufu ya dawa ya kusafishia ilinipokea kwenye kona. Macho yakaniwasha. Nikaingia getini, nikapita uani, nikasimama.

Ua ulikuwa uking'aa. Mfereji umesuguliwa, ukuta umepakwa chokaa mbichi, vyungu vya maua vya Mama Deki vimepangwa kwa urefu kama wanafunzi wa gwaride. Na pale palipokuwa na gogo, palikuwa na mkeka mpya, meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, na juu yake glasi zimefunikwa.

"Umeonaje, Baba Watoto?" mke wangu akauliza, mikono kiunoni, uso umejaa furaha. "Hapo ndipo atakapokaa Mama Profesa."

"Gogo," nilisema.

"Limekwenda. Wale wazoa taka walipita na lori, Mama Deki akawabembeleza wakalipakia. Mwenzangu, lilikuwa likivunjikavunjika kama mkate! Tumefagia mara nne."

"Mama Watoto. Profesa anakuja kuona nini?"

"Mdudu wa binti yetu."

"Na mdudu anakaa wapi?"

Macho yakamtoka, akatafuta pa kukaa, akakalia ndoo.

"Si yumo kwenye chupa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi nilijua kamtia kwenye chupa. Nani anamwonyesha mgeni gogo bovu?"

Mama Deki alitokea nyuma ya nguo zilizoanikwa, brashi mkononi. "Kuna nini? Mbona mmekaa kama mmefiwa?"

Nikawaeleza yote, tangu sharti la Profesa hadi fukusi. Niliwaeleza bila kutia chumvi hata chembe, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Simu ikaita. Mpwa wangu, sauti imejaa bashasha: "Mjomba, tumeshatoka chuoni, tuko njiani! Koti Fupi hajambo?"

"Hajambo," nilisema. Na kweli, huko alikokuwa, kwenye lori, sikuwa na habari kwamba anaumwa.

Basi hapo ndipo ulipoanza msako ambao mtaa wetu haujapata kuuona. Nilimpigia kinyozi awapigie watu wa lori. Wakajibu kwamba mzigo umeshamwagwa na tingatinga limeshapita juu yake. Kilichobaki ni kutafuta mbao nyingine iliyooza na uyoga kama ule, tukiomba kuwa Koti Fupi mwingine amehamia. Mke wangu akashika upande wa kulia wa mtaa, mimi wa kushoto.

"Hodi! Mna kitu kilichooza?"

Jaribu siku moja kwenda mlangoni kwa mtu, Jumamosi asubuhi, na swali hilo. Mwenye bucha alitoka na kisu. "Mzee, unataka kunifungia biashara? Bucha langu halijawahi kuoza hata mfupa!" Mwalimu wa kike wa nyumba ya pili alisema kilichooza kwake ni mume wake, na kwa bahati mbaya yuko safarini. Kijana mmoja alileta soksi. Mzee wa duka la vitabu alijikumbusha mlango wa choo chake, tukafurahi, tukaenda mbio, tukakuta jana yake ameung'oa kwa sababu ya ugeni. Kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo. Hadithi yangu ya kwa kinyozi ilikuwa imepiga deki mtaa mzima. Mti mbovu umechomwa, boriti mbovu imebadilishwa, hata mtu aliyekuwa na jino bovu alikuwa ameling'oa asije akaonekana nalo kwenye kamera.

"Tumwagie mbao ya kitanda maji," mke wangu alisema tulipokutana barabarani, anahema.

"Kuoza hakutaki haraka, mama."

"Wewe ukitaka haraka unaweza kila kitu! Si ndiye uliyesema paka anakula majani?"

Kabla sijajitetea, gari likapinda kona.

Profesa alikuwa mama mfupi mwenye kofia ya jua na buti za shambani, mkoba begani, haraka mwilini. Alinishika mkono, akamshika mke wangu, akasema, "Karibuni tumwone," utafikiri yeye ndiye mwenyeji. Mpwa wangu alitangulia uani anaruka ruka kama mbuzi. Nikasikia hatua zake zikisimama.

"Mjomba, gogo liko wapi?"

Nimewahi kusema uongo mbele ya meneja, mbele ya askari wa usalama barabarani, na mbele ya mama mkwe, ambaye ni zaidi ya hao wawili. Nikajikohoza. Nikamgeukia Profesa, nikaanza: "Mheshimiwa, gogo lilipatwa na dharura ya kifamilia..."

"Mjomba," mpwa wangu alisema. Polepole tu. Nikauacha uongo wangu hapo hapo.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Tumelitupa, mwanangu. Tulikuwa tunasafisha, mgeni asije akaona uchafu. Nisamehe. Sikujua."

Binti alitazama mkeka, akatazama glasi. Nilidhani atalia au atapiga kelele. Akaenda akamkumbatia mke wangu, na mgongo wake nikauona umelegea kama koti lililotolewa kwenye hanga. Kisha akamwambia Profesa, "Walikuwa hapa. Juzi niliwahesabu. Sasa hawapo, na sina kingine cha kukuonyesha."

Profesa alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya, uso wake ulionyesha hivyo. "Nakuamini," alisema. "Lakini kuamini siwezi kukuandikia kwenye ripoti. Fukusi nao ni wadudu, binti. Ukishawazoea..." Nadhani hata yeye hakuwa amewazoea.

Mama Deki alikuwa amesimama mlangoni pa ua, bado na brashi yake. Akasimamia mguu mmoja, akahamia wa pili, kama mtu anayetaka kukimbia na hajui upande gani.

"Shemeji," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huo uyoga wenu, asubuhi sikuutazama vizuri. Ulikuwaje?"

"Mgumu. Kama rafu."

"Rangi ya kahawia, pembeni mweupe?"

"Huo huo."

"Unanuka kama kabati la marehemu?"

Nikamtazama. Mke wangu akamtazama. Mama Deki akafumba macho, akavuta pumzi kama anayeingia maji ya baridi, akasema kwa sauti ambayo hata mwenye bucha aliisikia: "Nifuateni. Na atakayecheka, namwagia ndoo."

Tukapita mlango wake, tukapita sebule, tukapita kochi ambalo mimi miaka yote nililijua kwa ncha tu. Tukapita pazia, tukaingia korido, pazia lingine, jiko linang'aa, mpaka kwenye mlango mdogo wa stoo uliozibwa kwa taulo chini. Akaondoa taulo. Akafungua. Harufu ikatoka kutusalimia.

"Bomba la ndani linavuja," alisema bila kutugeukia. "Tangu mume wangu alipokuwa hai. Kila fundi ananiambia ukuta wote ubomolewe. Nikaona haya. Maji yanatoka asubuhi, yanatoka jioni. Mnadhani mimi napenda kupiga deki?"

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alimshika bega.

Tukasukuma kabati la mbao lililoegemea ukuta, na ukuta huo, tulipopiga hesabu ya vyumba, ndio ule ule ambao upande wa pili lilikuwa limelala gogo letu. Mgongo wa kabati ulikuwa umekwisha. Badala ya mbao kulikuwa na uyoga toka juu hadi chini, rafu juu ya rafu, kahawia na kingo nyeupe. Juu dirisha dogo lilikuwa wazi.

"Wanaruka, mabawa yao wameyakunja chini ya koti," mpwa wangu alinong'ona. "Wanafuata harufu ya uyoga. Dirisha lile..." Akapiga magoti. Akatoa kioo chake. Akaanza chini.

Rafu ya kwanza ilikuwa kavu, imetobolewa na kitu kingine. Akahamia nyingine. Profesa alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, dereva anampigia, naye anaibonyeza inyamaze. Binti aliweka shavu sakafuni, akaangaza tochi kwa juu, akapeleka unyasi wa fagio taratibu chini ya rafu moja pana karibu na kona.

Mkia ukainuka.

"Mama yangu," alisema mpwa wangu. Si kwa kuita mtu, yalimtoka tu.

Profesa aliiweka simu juu ya pipa la unga. Alilala chini, chali chali kwanza, kisha akajigeuza kifudifudi, buti zake zikabaki korido. Akapewa kioo. Nikasikia tone la bomba likianguka.

"Anao," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya msichana. "Anao wangapi? Yule kule nyuma anakula ukuta! Angalia, angalia, mama anawarudisha ndani! Mmoja katoka, kamsukuma kwa kichwa! Binti, umeona? Umeona hiyo?"

"Nimeona, Profesa."

"Basi andika! Unangoja nini, unangoja fukusi?"

Hapo mpwa wangu alipiga vigelegele. Mke wangu akapokea, na Mama Deki, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona, akajikuta naye anapokea kwa nguvu kuliko wote, mpaka watu wakaanza kujaa barabarani. Nikatoka kuwaeleza. Nilisema yaliyotokea kama yalivyotokea, na kinyozi akanitazama kwa huruma akaniambia, "Mzee, leo hujajitahidi." Nikalazimika kuongeza kwamba Profesa amelala sakafuni mwenyewe akimwamkia mdudu. Hilo ndilo waliloliamini.

Ndani, Profesa alikuwa ameketi sasa, vumbi la kuvu nywele zote, anakunywa chai aliyoikataa alipofika na haraka zake, na anamweleza Mama Deki kwa upole kwamba stoo ile isiguswe. Isisuguliwe, isipuliziwe dawa, bomba lisizibwe, kwa sababu mpwa wangu atahitaji kuja kila wiki mwaka mzima.

"Mwaka mzima?" Mama Deki aliuliza. "Nisipige deki stoo yangu mwenyewe?"

"Hapana. Hata kidogo."

Mama Deki aliangalia taulo lililokuwa mlangoni. Akaliokota, akalikunja, akaliweka begani taratibu, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea wepesi. Kisha akaenda mlango wa mbele, ambako mtaa ulikuwa umepanga foleni kuja kumwona mama na wanawe, akasimama katikati na mikono kiunoni.

"Mtaingia wawili wawili," alisema. "Na kila mtu avue viatu na ajifute miguu. Sitaki mnichafulie uozo wangu."